Barabara ya Dhahabu na Barabara ya Wazazi

Ukisimama ufukoni Kabezi siku isiyo na ukungu, waiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mbali nyuma yake iko Kamituga, nchi ya dhahabu. Kampuni ya MGL, iliyoundwa mwaka 1923, ilichimba huko, na mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa SOMINKI. Mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa. Wachimbaji wadogo wanaendelea kwa sululu na nyundo, lakini barabara ya mlimani ni tope na mashimo. Barabara ya faida hutunzwa faida ikiwapo.

Upande wetu iko barabara nyingine ya kazi ngumu. Kutoka Kabezi, penye mwinuko wa karibu mita 800, njia zapanda milima ya Mumirwa hadi kileleni, juu ya mita 2,000. Mwaka 2006 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua Kabezi kituo cha wazazi wenye matatizo. Zahanati ya mlimani iliita, na gari la wagonjwa likapanda kumchukua mama bila malipo.

Madereva wanajua maana yake. Mvua ikinyesha, udongo huteleza kama sabuni. Unaunganisha magurudumu yote manne kabla ya kunasa, si baada. Unashuka kwa gia nzito, kwani breki ikipata moto haishiki tena. Huwezi kukimbia, maana nyuma amelala mama mwenye uchungu. Wala huwezi kuchelewa, maana anatoka damu.

Matunda ya kazi hiyo yalihesabiwa. Ripoti ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa katika eneo la Kabezi vifo vya wazazi vilikuwa 208 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati wastani wa nchi ulikuwa 800. Daktari na mkunga walisifiwa, na walistahili. Lakini mgonjwa hakufika kwa daktari kwa miguu.

Ndiyo maana tunasema: dereva wa gari la wagonjwa ni mfanyakazi wa afya. Apewe zamu yenye mapumziko, matairi yenye meno, bima ya ajali na posho ya usiku. Na barabara itengenezwe kabla ya masika, si baada ya gari kupinduka.

Dhahabu inaweza kungoja kiangazi. Mtoto hangoji.