Mguu Usiohisi Maumivu

Katika maandiko yake ya kitaalamu kuhusu wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas ameonesha kwamba vidonda vingi vya miguu huanzia kwenye uharibifu wa neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, hata mtu akakanyaga msumari au kuungua asihisi maumivu, na kwa kuwa hahisi, huchelewa kufika hospitalini hadi nyama imekwisha kuoza. Inasikitisha mno, maana kukatwa mguu mara nyingi huzuilika. Mradi wa Step by Step, alioushiriki nchini Tanzania, uliwafunza madaktari pamoja na wauguzi utunzaji wa miguu. Mwenye kisukari aikague miguu yake kila siku, nyayo na katikati ya vidole, wala asitembee pekupeku.