Simu ya Saa Tisa Usiku

Januari 2008 simu yangu ililia saa tisa usiku mara nne katika wiki moja. Nilikuwa zamu ya usiku katika makao ya wazee mjini Columbus, jimbo la Ohio, na mpigaji alikuwa yule yule: mdogo wangu, aliyeolewa Eldoret. Kwake ilikuwa saa tano asubuhi. "Dada, tumelala kituo cha polisi." Siku mbili baadaye: "Dada, barabara ya Nakuru haipitiki." Kisha: "Dada, nyumba imeteketea." Matokeo ya urais wa Kenya yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, na siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto huku watu wakiwa ndani. Nilikuwa nikiingia chumba cha kufulia nguo, naegemea mashine, nasikiliza. Nikimaliza narudi kwa wazee wangu, maana kengele ya kitanda haijui kama una msiba.

Alhamisi tarehe 28 Februari, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini mapatano ya kukomesha ghasia hizo mbele ya msuluhishi, Kofi Annan. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekwisha kufa. Nililala siku hiyo usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi miwili. Kesho yake, Ijumaa, naingia chumba cha wafanyakazi, televisheni inaonyesha watoto wamelala gizani, na simu inalia.

Lilikuwa tangazo la kampeni la Hillary Clinton, sekunde 30 tu. Sauti ya mwanamume inasema ni saa tisa usiku, watoto wenu wamelala salama, lakini Ikulu simu inalia. Kuna jambo limetokea duniani. Kura yenu ndiyo itakayoamua nani ataipokea: je, atakuwa mtu anayewajua viongozi wa dunia, anayelijua jeshi, aliyekwisha kupimwa? Mama anachungulia mlangoni kuwatazama watoto. Mwisho anaonekana Bi. Clinton mwenyewe, kavaa miwani na suti, anainua simu. Barack Obama, mpinzani wake katika kura za mchujo za chama cha Democrat, hatajwi hata kwa jina. Haikuwa lazima.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na uraia wa Marekani nilikuwa nimeupata muda mfupi tu kabla ya hapo. Wakenya wote niliowajua Columbus walikuwa na Obama, mtoto wa mtu wa Kogelo, Siaya. Tarehe 4 Machi, siku ya kura za mchujo Ohio, nilikwenda kituoni nikampigia kura Clinton. Rafiki yangu mmoja alininyamazia wiki tatu. Sikuweza kumweleza, lakini leo naweza: tangazo lile lilinikuta palepale penye kidonda. Nilijua simu ya saa hiyo inavyolia. Niliposikia kwamba kuna mtu mzoefu wa kuipokea, sikuuliza uzoefu gani.

Na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu matangazo ya namna hii hayapo Marekani peke yake, na mengi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Neno "uzoefu" linatajwa, halafu linaachwa wazi, na wewe mtazamaji unalijaza kwa hofu yako mwenyewe.

Hebu tuhesabu, kama ambavyo ningepaswa kuhesabu siku ile. Clinton aliingia Seneti ya Marekani Januari 2001. Obama aliingia Januari 2005, lakini kabla ya hapo alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois tangu Januari 1997. Kwa hiyo, Machi 2008, yule aliyeitwa mgeni alikuwa na miaka 11 katika viti vya kuchaguliwa, na yule aliyeitwa mzoefu alikuwa na miaka saba. Sisemi bunge la jimbo ni sawa na Ikulu. Miaka minane aliyokaa Clinton Ikulu akiwa mke wa rais ilikuwa na uzito wake, na mwenye akili angeweza kuiona kuwa ndiyo bora zaidi. Ila hiyo ni hoja ya kujadiliwa kwa saa nzima, si ya kumalizwa kwa mlio wa simu.

Obama alijibu siku ile ile kwa tangazo lake, nalo lina simu. Lilisema swali si nani atapokea, bali atakuwa na uamuzi gani akipokea. Likakumbusha kwamba yeye aliipinga vita ya Iraki tangu mwanzo. Alikuwa amesimama mkutanoni Chicago tarehe 2 Oktoba 2002 kuipinga hadharani. Siku tisa baadaye Seneti ilimpa Rais Bush idhini ya vita kwa kura 77 dhidi ya 23, na Clinton alikuwa miongoni mwa wale 77. Hapo angalau kulikuwa na kitu cha kushika: tarehe, kura, jina.

Kisha likaja la Tuzla. Tarehe 17 Machi, Clinton akieleza uzoefu wake wa mambo ya nje, alisimulia jinsi alivyotua Tuzla, Bosnia, mwaka 1996 chini ya risasi za wadunguzi, wakakimbia vichwa chini hadi kwenye magari. Vituo vya televisheni vikatoa picha za siku ile. Hakuna aliyekuwa akikimbia. Kulikuwa na mapokezi uwanjani, na msichana mdogo akimsomea shairi. Kabla mwezi haujaisha alikiri kwamba alikosea kusema. Niliiona picha ile kazini, nimeshika trei ya dawa, na nilihisi kuonewa. Mimi nilikuwa na mdogo wangu aliyekimbia kwelikweli.

Usiku huo nilizungumza na bibi mmoja wa pale makaoni aliyekuwa halali mapema. Nilimwambia nimejuta. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi nilimpigia Nixon." Alikuwa anazungumzia mwaka 1960. Richard Nixon alikuwa makamu wa rais kwa karibu miaka minane, na kampeni yake ilikwenda na kauli moja: uzoefu una thamani. John Kennedy, mwenye miaka 43, akaonekana kijana ambaye hajaiva. Bibi yule, na wengi wa Ohio, wakamchagua Nixon. Jimbo hilo lilimpa ushindi, ingawa nchi ilimpa Kennedy. "Miaka mingi baadaye," akaniambia, "ndipo nikaja kusoma kwamba wote wawili waliingia Bungeni siku moja, Januari 1947." Hiyo ni kweli. Na tofauti ya umri wao ilikuwa miaka minne tu.

Kilichomuumiza Nixon hakikutoka kwa mpinzani. Agosti 1960 mwandishi wa habari alimwomba Rais Eisenhower ataje wazo moja kubwa la Nixon alilolitumia serikalini. Eisenhower akajibu kwamba akipewa wiki moja huenda akalikumbuka. Watu wa Kennedy waliichukua picha hiyo wakaifanya tangazo. Tangu hapo kila anayejinadi kwa uzoefu ana hatari hiyo: kuna mtu aliyekuwa naye kazini, na mtu huyo anaweza kuulizwa.

Hata simu yenyewe haikuwa mpya. Walter Mondale aliitumia simu nyekundu katika tangazo la mwaka 1984 dhidi ya Gary Hart, mpinzani wake katika mchujo wa Democrat, naye akitaka watu waogope kumkabidhi mgeni. Uoga haupitwi na wakati, ndiyo maana wauzaji wanaurudia.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi nyumbani hushangaa nikiwaambia. Marekani, tangazo la sabuni likidanganya, kituo cha televisheni kinaweza kulikataa. Tangazo la mgombea mwenyewe wa wadhifa wa kitaifa hakiruhusiwi kulikagua wala kulikata, hata kama kinajua lina uongo. Tena katika siku 45 kabla ya kura za mchujo, na 60 kabla ya uchaguzi mkuu, kituo kinapaswa kumtoza mgombea bei ya chini kabisa inayotozwa mteja wake kwa muda wa aina hiyo. Kinga pekee inayosikika ni ile sentensi ya mgombea kusema yeye ndiye kaidhinisha ujumbe huo, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2002. Na kuna la bei rahisi zaidi: tangazo la simu lililipiwa lirushwe Texas. Sisi wa Ohio tuliliona kwenye taarifa za habari, bure, mara nyingi kuliko ambavyo pesa ingelinunua. Clinton alishinda kura za Ohio, na pia kura za mchujo za Texas.

Miezi ya kiangazi ikawa zamu ya John McCain, mgombea wa Republican, kumwita Obama mtu asiye tayari. Julai tangazo lake lilimweka Obama pamoja na Britney Spears na Paris Hilton, kwamba ni mtu mashuhuri tu. Agosti Obama alipomteua Joe Biden, seneta tangu 1973, McCain alikuwa na picha tayari: Biden huyo huyo, mwaka uliopita, akisema urais si kazi ya kujifunzia ukiwa kazini. Siku chache baadaye, tarehe 29, McCain akamteua Sarah Palin, gavana wa Alaska kwa muda usiotimia miaka miwili. Kwangu mimi hoja ya uzoefu ilikufa siku hiyo. Aliyeililia kwa miezi ndiye aliyeiweka kando ilipomgharimu.

Kazini kwetu, zamu inapobadilishana, hakuna anayeuliza muuguzi anayetoka ana miaka mingapi kazini. Tunafungua daftari la zamu. Mzee wa chumba cha nne alianguka saa ngapi? Nani alifika? Alimpigia daktari lini, au aliacha hadi asubuhi? Miaka 20 inaweza kuwa kwenye mistari ile, na inaweza isiwemo. Nimepokea zamu kutoka kwa wakongwe ambao daftari lao ni zuri hadi unalala ukitabasamu, na wengine ambao kurasa zao ni nyeupe. Novemba nilimpigia Obama. Sikumpigia kwa sababu ya Kogelo, wala kwa sababu ni kijana. Nilisoma kura zake na hotuba zake kama ninavyosoma daftari, nikaona anaandika alichofanya.

Mwaka 2013 mdogo wangu alinipigia tena, safari hii mchana wangu. Kenya nzima ilikuwa ikizungumza digitali na analogia: Uhuru Kenyatta na William Ruto wakijiita watu wa kizazi kipya, na Raila Odinga, mwenye miaka 68, akiitwa analogia, na upande wake ukijibu kwamba nchi haijaribiwi kwa mikono michanga. "Dada, mgeni ni nani na mzoefu ni nani?" Nikamwambia aangalie mwaka. Raila aliingia baraza la mawaziri mara ya kwanza 2001. Uhuru pia, 2001, miezi michache baada yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wametudanganya wote wawili." Sikukubaliana naye kabisa, kwani kila mmoja alikuwa na rekodi yake ya kutetea au kujibia. Lakini nilifurahi kwamba alikwisha kuacha kuuliza nani mpya.

Siku hizi tangazo la mgombea likianza mimi nazima sauti na kushika kalamu. Naandika kinachodaiwa kuwa kilifanyika: wapi, lini, na nani alikuwepo. Tangazo la simu ya saa tisa nililitafuta tena nikalipima hivyo. Karatasi ilibaki na mistari miwili, na yote ilikuwa sifa.

Wewe unayesoma ukiwa Likoni, Kitale au Garissa, mgombea wako akija kukwambia ana uzoefu, au kwamba uzoefu wa mwenzake umeoza, muulize daftari lake liko wapi. Aliyekuwa bungeni, maneno yake yamo kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Aliyekuwa gavana, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yake ipo kwenye tovuti ya ofisi hiyo, na kuisoma hakutozwi hata shilingi moja.