Nyumba bila TV: sayansi inasemaje?

Mgeni akiingia sebuleni kwetu, macho yake hufanya safari ileile. Anasalimia, anakaa, anaangalia ukuta wa mbele, anaangalia kona, halafu anauliza kwa upole: "TV imepelekwa kwa fundi?"

Haijapelekwa popote. Hatuna. Mimi na mwenzangu tuliamua hivyo tulipoanza maisha, na mtoto alipozaliwa tukashikilia uamuzi wetu kwa nguvu zaidi. Wageni wengi tumewazoea. Kazi ilikuja siku Mama yangu alipofika kutoka nyumbani kutusaidia kulea. Alivumilia siku tatu, ya nne akasema: "Mwanangu, nyie mnatoka asubuhi mnarudi giza. Mimi na huyu asiyejua kuongea tunaangalia nini? Ukuta?"

Nikamjibu kama msomi: "Mama, utafiti unaonyesha TV si nzuri kwa watoto." Akaniangalia. "Utafiti wa wapi? Nyie mlikua na TV, na shahada mnazo."

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na vichwa vya habari nilivyovisoma kwenye simu. Basi nikaenda kuutafuta huo utafiti wenyewe, na ninachokuletea hapa ndicho nilichokikuta. Nikuonye mapema: sikukuta nilichokitarajia.

Kwa nini kulinganisha tu hakutoshi

Njia rahisi ya kujua kama TV ina madhara ni kuchukua watoto wa nyumba zenye TV na wa nyumba zisizo nayo, ukaangalia nani anasoma vizuri. Rahisi, lakini inapotosha.

Hebu fikiria nani hasa hana TV. Kuna waliokataa, kama sisi: mara nyingi wamesoma, wana vitabu ndani, wana intaneti. Halafu kuna wasio nayo kwa sababu hawana hela au umeme haujawafikia. Watoto wa kundi la kwanza huenda wakafanya vizuri darasani, wa kundi la pili wakahangaika, na nyumba zote hizo hazina TV. Ukiwaona wa kwanza utasema kukosa TV kunaongeza akili. Ukiwaona wa pili utasema kunapunguza. Kumbe kinachopima hapo ni kipato na elimu ya wazazi, TV imesimama pembeni tu. Ni kama kumwona mtu na mwavuli kila siku ya mvua ukadai mwavuli ndio unaoleta mvua.

Dawa yake ingekuwa kupiga kura: nyumba hizi zipewe TV, hizi zinyimwe, turudi baada ya miaka 5. Nani atakubali? Kwa hiyo watafiti wakawa wajanja. Wakatafuta mahali ambapo kura ilikwisha kupigwa na kitu kingine, iwe mlima, serikali au bahari, bila mtu mwenyewe kuchagua. Hilo ndilo huitwa jaribio la asili.

Pale mlima ulipopiga kura

Jaribio maarufu zaidi lilifanyika Kanada. Mwaka 1973 kulikuwa na mji mdogo uliokuwa bondeni, mawimbi ya televisheni hayakuufikia. Kwa mambo mengine ulikuwa mji wa kawaida: barabara, shule, michezo. Mwanasaikolojia Tannis MacBeth Williams wa Chuo Kikuu cha British Columbia alipata habari kwamba TV iko njiani, akawahi na timu yake kabla haijafika. Mji wakauita Notel. Wakaulinganisha na mji uliokuwa na chaneli moja na mwingine uliokuwa na kadhaa, halafu wakarudi baada ya miaka 2.

Kabla ya TV, watoto wa Notel waliwapita wenzao kwenye majaribio ya ubunifu. Miaka 2 baadaye walikuwa sawa nao. Wasomaji wadogo waliokuwa wanasoma kwa wepesi nao waliteleza. Kwenye uwanja wa shule, kupigana na kutukanana kuliongezeka, kwa wavulana na wasichana. Watu wazima, hasa wazee, walipunguza kwenda kwenye dansi, michezo na mikusanyiko.

Mlima ulipiga kura nyingine kisiwani Java, Indonesia. Mchumi Benjamin Olken alitazama vijiji zaidi ya 600, akatumia ukweli kwamba milima huzuia baadhi ya chaneli zisifike baadhi ya vijiji. Pale chaneli zilipokuwa nyingi, watu walitazama zaidi, walishiriki kidogo zaidi katika vikundi vya kijamii, na walisema wanaaminiana kidogo zaidi. Fikiria vikoba na vikundi vya kuzikana vya mtaani kwenu, utaelewa uzito wake. Lakini Olken alipoangalia kama uongozi wa vijiji hivyo ulikuwa mbovu zaidi, hakuona hivyo.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeanza kumwandalia Mama hotuba. Ningeishia hapo ningeshinda.

Pale majibu yalipogeuka

Marekani, kati ya 1948 na 1952, serikali ilisimamisha kutoa leseni mpya za vituo vya televisheni. Miji iliyowahi ikapata TV, iliyochelewa ikasubiri miaka. Baadaye sana wachumi Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro walichukua matokeo ya mitihani ya wanafunzi zaidi ya 300,000 waliopimwa mwaka 1965, wakauliza: waliokulia kwenye miji iliyowahi TV walifanya vibaya zaidi? Hapana. Kwa wastani walifanya vizuri zaidi kidogo sana. Na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao nyumbani hawakuongea Kiingereza au ambao mama zao hawakusoma sana.

St Helena ni kisiwa katikati ya Bahari ya Atlantiki. TV ya setilaiti ilifika huko mwaka 1995. Timu ya Tony Charlton ilikuwa imerekodi watoto wakicheza kabla haijafika, ikarekodi tena baadaye, ikitarajia yaliyotokea Notel. Tabia za watoto hazikuharibika. Maelezo ya watafiti ni kwamba kisiwani pale kila mtu anamjua kila mtoto, na jicho la jamii halikuondoka.

India vijijini, Robert Jensen na Emily Oster walifuatilia vijiji vilivyopata TV ya kebo kati ya 2001 na 2003. Baada ya kebo kufika, wanawake wachache zaidi walisema ni halali mume kumpiga mke, na hamu ya kupata watoto wa kiume tu ilipungua.

Na hapa nyumbani? Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, maana serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa. Unaweza kushawishika kulinganisha pande hizo mbili, lakini zinatofautiana kwa mambo mengi mno. Jaribio zuri tulilonalo ni la redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa makusudi, kituo cha Dodoma hakikuurusha mpaka 1995 ili pawepo pa kulinganisha. Maeneo yaliyousikia yalionyesha ongezeko la kutumia uzazi wa mpango ambalo Dodoma haikulionyesha kipindi hicho. Redio si TV, ila somo ni lilelile: hadithi inayoingia sebuleni inaweza kubadili maisha ya watu, na si lazima iyabadili kwa ubaya.

Swali sahihi: inachukua nafasi ya nini?

Sasa mbona Kanada ni hivi na Marekani ni vile? Maelezo yanayoniingia akilini ni haya. Siku ina saa 24. Saa moja ya TV lazima itoke kwenye kitu kingine. Notel ilitoka kwenye michezo, vitabu na dansi. Kwa mtoto wa Marekani ambaye nyumbani hasikii Kiingereza, ilimletea lugha ambayo angeikosa. Kwa mwanamke wa kijijini India ilifungua dirisha la maisha mengine. Kwa hiyo "TV ni nzuri au mbaya?" ni swali ambalo halijakamilika. Linakamilika ukiongeza: kwa nani, na badala ya nini?

Kwa mtoto mchanga, jibu linakuwa wazi zaidi

Kuna mahali ambapo ushahidi hauyumbi sana, napo ni kwenye miaka ya mwanzo kabisa.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichukua watoto wa miezi 9 wa Kimarekani na kuwasikilizisha Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Wengine walikaa na mtu halisi, anacheza nao na kuwasomea. Wengine waliona watu haohao kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakujifunza. Kilichokosekana ni mtu anayekujibu. Ndiyo maana bibi kwenye simu ya video si sawa na katuni: mtoto akicheka, bibi naye anacheka.

Halafu kuna TV ya "imewashwa tu, hakuna anayeangalia". Katika jaribio la mwaka 2008, watoto wa mwaka 1 hadi 3 waliachwa wacheze, nusu ya muda kukiwa na kipindi cha watu wazima kinaendelea pembeni. Waliitupia macho kwa sekunde chache tu. Hata hivyo walicheza kwa muda mfupi zaidi, na walikatishwa katikati ya mchezo mara nyingi zaidi.

Sababu iko kwenye ubongo. Mwanafiziolojia Ivan Pavlov, yule wa mbwa na kengele, alieleza mwitiko wa "nini hicho?": kitu kikisogea au kikilia ghafla, kichwa kinageuka kabla hujaamua. Ulitusaidia kuishi porini. Picha ya TV inakatwa na kubadilishwa kila sekunde chache, na kila mara mwitiko huo unaguswa. Umeshawahi kukaa kwa mama ntilie, unaongea na rafiki yako, ukajikuta unaangalia mechi ya timu usizozijua? Ndio huo.

Watu wazima nao hunyamaza. Utafiti wa mwaka 2009 ulioongozwa na Dimitri Christakis uliwavalisha watoto vinasa sauti. Kila saa moja ya TV inayosikika iliambatana na upungufu wa maneno takriban 770 ambayo mtoto alisikia kutoka kwa mtu mzima. Huo haukuwa wa kupiga kura, kwa hiyo tuuchukue kwa tahadhari, ila unaelekea upande mmoja na mengine. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilishauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Na wewe mkubwa?

Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi waliwapa watu vifaa vya kubeba mfukoni, vikilia waandike wanafanya nini na wanajisikiaje. Wakiangalia TV watu walisema wametulia. Walipozima, utulivu ukaondoka lakini uzito ukabaki: wengi walisema kukaza mawazo ni kugumu kuliko kabla. Baada ya kusoma, malalamiko hayo yalikuwa nadra.

Hapa niseme ukweli unaoniuma. Siku nilizokuwa nasoma tafiti hizi, niliangalia simu yangu inavyohesabu muda wangu. Mtu asiye na TV, anayejisifu kwa wageni, alikuwa anakula bando usiku kwa video fupifupi. Kila hoja niliyokuandikia kuhusu picha zinazobadilika inaihusu simu, tena simu unalala nayo. Kuondoa TV bila kuuliza nafasi yake inajazwa na nini ni kuhamisha rimoti kutoka mezani kwenda mfukoni.

Tulivyoishia na Mama

Nilimwambia Mama yote haya, na ya India nikamwambia. Nikakubali pia jambo nililokuwa nimelikwepa: kwa binti yetu, TV ingechukua nafasi ya maneno ya bibi yake. Lakini kwa bibi yake, mgeni jijini, mchana kutwa ndani ya nyumba aliyopangiwa na mwanawe, TV ingechukua nafasi ya ukimya. Uamuzi wetu ulikuwa na gharama, na tulikuwa tumemtwisha yeye bila kumuuliza.

TV hatukununua. Tulinunua redio, ambayo inashinda imezimwa mtoto akiwa macho na kuwashwa akilala. Saa 1 jioni Mama anavuka uani kwa jirani kuangalia tamthilia na taarifa ya habari, pamoja na akina mama wengine wanne ambao hawaachi kuongea kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Siku nyingine anakwenda na mjukuu. Ndiyo, najua Shirika la Afya Duniani lingesemaje.

Kama na wewe unafikiria kuishi bila TV, au unataka tu kujua inakuchukulia nini, jaribu hivi. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Chukua daftari, kila TV ikizimwa andika: nani alikuwa anaangalia, nani alikuwepo tu, na maongezi yalikuwepo au hayakuwepo. Wiki ya pili izime, na uandike saa hizo zimekwenda wapi. Simu uihesabu pia, usijidanganye. Kisha kaeni nyote mnaoishi humo, mkubwa na mdogo, msome daftari kwa pamoja kabla ya mtu yeyote kuamua. Sisi hatua hiyo tuliiruka.