Bibi, Wajukuu na Meli ya Ghuba: Hesabu za Safari ya Familia Nzima

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh, Kikuubo na Goma wanaijua mitaa ya Deira kuliko wanavyoijua miji mingine ya nchi zao. Wanajua duka gani huuza kwa jumla, wakala gani wa mizigo hupakia kontena kwa wakati, na hoteli gani ina chumba cha bei ya kuvumilika. Wasichokijua vizuri ni Ghuba hiyo hiyo kwa macho ya mtu aliyekwenda kupumzika.

Nyumbani nako maswali yanaongezeka. Watoto wanaona picha za bustani za burudani za Dubai na Abu Dhabi kwenye simu. Mama mzazi, yule aliyeuza ng'ombe au kiwanja ili mwanawe apate mtaji wa kwanza, sasa ana miaka zaidi ya sabini na magoti yanauma. Wajukuu watazidi kukua na bibi atazidi kuchoka. Miaka ambayo vizazi vitatu vinaweza kusafiri pamoja, wote wakiwa na nguvu, ni michache.

Safari ya namna hiyo inawezekana, lakini haipangwi kama safari ya kufuata mzigo. Ya mzigo hupangwa kwa bei na tarehe. Hii hupangwa kwa kuanza na mtu mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, na mtu ambaye karatasi zake ni ngumu kupatikana kuliko za wote. Mara nyingi watu hao wawili ni mmoja, naye ni bibi.

Kilichopo huko

Abu Dhabi imekusanya bustani zake kubwa katika kisiwa cha Yas. Ferrari World ilifunguliwa mwaka 2010, Yas Waterworld mwaka 2013, Warner Bros. World mwaka 2018 na SeaWorld mwaka 2023. Dubai ina IMG Worlds of Adventure, Motiongate na Legoland, zote zilizofunguliwa mwaka 2016. Kampuni ya Disney nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba bustani yake itajengwa Yas. Ujenzi huo ni wa miaka, kwa hiyo wakala anayekuuzia tiketi zake kabla haijafunguliwa anakuuzia hewa.

Si kila bustani inamfaa kila mtu. Formula Rossa, treni ya michezo iliyoko Ferrari World, hufika kasi ya kilomita 240 kwa saa. Wenye matatizo ya moyo au mgongo na wajawazito hawatakiwi kuipanda, na watoto hupimwa urefu kabla ya kuruhusiwa. Legoland imelenga watoto wa miaka 2 hadi 12, hivyo kijana wa miaka 16 atachoka nayo mapema. Warner Bros. World na IMG ziko ndani ya majengo yenye kiyoyozi, jambo ambalo mzee atalishukuru kuliko michezo yenyewe.

Meli za kitalii huja Ghuba katika miezi ya baridi, takriban kuanzia Novemba hadi Machi. Safari ya kawaida ni ya wiki moja: abiria hupandia Dubai au Abu Dhabi, meli hupita miji kama Doha, Manama au Muscat, kisha hurudi ilikotoka. Kwa mzee, meli ina faida moja kubwa. Hafungi na kufungua begi kila mji, kwa kuwa chumba chake kinasafiri naye.

Ratiba, hata hivyo, hutegemea hali ya usalama. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2023, yalizilazimu kampuni kadhaa kubadili njia au kufuta safari. Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi fedha zitarudishwaje safari ikifutwa.

Tarehe: duka au shule?

Hapa ndipo familia za mpakani hukwama kwanza. Ndugu mmoja anaishi Namanga, mwingine Kampala, wa tatu Kigali. Rwanda na Burundi huanza mwaka wa shule Septemba, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huanza Januari au Februari. Likizo ndefu ya Julai na Agosti ya upande mmoja si likizo ndefu ya upande mwingine. Isitoshe, miezi hiyo joto la Dubai hupita nyuzi 40 na meli nyingi huwa zimeshaondoka.

Desemba ndiyo huwakutanisha watoto wote, lakini pia ndio mwezi ambao duka huuza kuliko miezi mingine. Nauli za ndege na bei za vyumba nazo hupanda. Kaeni kikao mapema mchague mojawapo. Mnaweza kufunga duka siku chache baada ya Krismasi, au mkamwachia mtu mnayemwamini kuanzia katikati ya Desemba. Kusema "tutaona mwezi ukifika" ni kukubali bei ya juu.

Angalieni pia kalenda ya Kiislamu. Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia ndani ya msimu wa meli. Familia inayofunga itapenda kuchagua tarehe nyingine.

Karatasi kabla ya tiketi

Tumezoea wepesi wa mipaka yetu. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho tangu mwaka 2014, na wengi wa mpakani hutumia hati ndogo za muda. Ghuba haitambui lolote kati ya hayo. Kila mtu, hata mtoto mchanga, anahitaji pasipoti, nayo iwe na uhai wa angalau miezi sita.

Kwa bibi, kazi inaweza kuchukua miezi. Huenda hana cheti cha kuzaliwa, au jina la kwenye kitambulisho linaandikwa tofauti na lile la cheti cha ndoa. Tofauti ya herufi moja inatosha kukwamisha ombi. Anzeni na yeye, wengine watamfuata.

Familia yenye pasipoti za nchi mbili au tatu isidhani kwamba masharti ni mamoja. Baba Mtanzania, mama Mganda na mkwe kutoka Kongo watahesabiwa kila mmoja kwa pasipoti yake, katika kila bandari ambayo meli itatia nanga. Kuna mtego mwingine ambao hata mzoefu wa Dubai anaweza kuukanyaga: viza ya kuingia mara moja. Meli ikitoka Dubai kwenda Muscat, mmeshatoka nje ya Falme za Kiarabu. Mkirudi, mnaingia mara ya pili. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na mpate kauli ya kampuni ya meli kwa maandishi kuhusu kila nchi iliyo kwenye njia.

Mtoto akisafiri na bibi bila wazazi, au na mzazi mmoja, bebeni barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Bei ya tangazo si bei ya kufikisha

Mfanyabiashara anajua kwamba bei ya kiwandani si bei ya mzigo ukiwa dukani. Tangazo la meli lisomeni vivyo hivyo. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja, kwa masharti kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Juu yake huja kodi za bandari, ada ya huduma ya kila siku kwa kila kichwa, vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na matibabu ya ndani ya meli. Ongezeni viza, bima, ndege, hoteli na tiketi za bustani. Andikeni yote kwenye daftari moja, kisha mgawe kwa idadi ya watu. Hiyo ndiyo bei.

Anayelala peke yake chumbani mara nyingi hulipa karibu sawa na wawili. Ndiyo maana familia nyingi humlaza bibi na mjukuu wa kike. Ni mpango mzuri, ila muulizeni bibi kwanza. Kuna wanaofurahia, na kuna wanaoamka usiku mara tatu na wasingependa mtoto ajue.

Hesabu nyingine ni ya nani analipa. Katika koo nyingi, mwenye duka huachiwa mzigo wote huku ndugu wengine wakiahidi "tutakurudishia". Kubalianeni mapema na muandike: nani analipia bibi, nani analipia watoto wake, nani analeta fedha za matumizi. Upatu wa ndugu wa miezi kumi na minane, kwenye akaunti ya peke yake, ni bora kuliko kuchomoa fedha za mzigo. Mtaji ukiguswa, furaha ya wiki mbili hugeuka deni la mwaka.

Dirhamu imefungwa na dola kwa kiwango cha 3.67, kwa hiyo hatari ya kubadilika kwa bei iko upande wa shilingi na faranga zetu. Anayelipa kwa awamu anunue dola kidogo kidogo. Lipeni kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu ya mtu, na mkipewa namba ya nafasi mliyokata, ihakikisheni kwa kampuni ya meli yenyewe.

Mpangilio wa siku

Meli haimsubiri aliyechelewa. Ndege ikikwama Nairobi au Addis Ababa, chumba mlichokilipia kitaondoka bila ninyi. Fikeni siku mbili au tatu kabla. Siku ya kwanza ni ya kulala. Siku ya pili ni ya bustani, moja tu. Panda meli siku inayofuata, watoto wakiwa wameshachoka kukimbia na bibi akihitaji kiti.

Ndani ya bustani gawanyikeni. Vijana waende na mjomba kwenye michezo ya kasi, wadogo wabaki na mama zao, bibi akae mahali penye kivuli na kiti cha magurudumu alichoombewa mapema. Kutaneni wakati wa chakula. Familia inayolazimisha watu wote kumi kutembea pamoja kutwa nzima hurudi hotelini ikiwa imegombana.

Chumba cha melini kwa mzee kiwe karibu na lifti. Vyumba vilivyotengenezwa kwa wenye ulemavu ni vichache na huisha mapema. Ulizeni bandari zipi meli inafika gatini na zipi abiria hushushwa kwa boti ndogo, maana ngazi za boti si rafiki wa magoti. Wanaokula halali wasidhani kila sufuria ni halali; ulizeni kabla ya kukata nafasi.

Ununuzi wa mzigo uwe wa mwisho. Familia irudi nyumbani na mwenye duka abaki siku mbili Deira peke yake. Aliyemwacha mama yake kwenye ukumbi wa hoteli kwa saa sita ili akabishanie bei ya vitenge hakumpeleka mama yake likizo.

Muscat na dawa za bibi

Meli ikipita Muscat, hutia nanga Mutrah, karibu na soko la kale linalouza ubani, fedha na vitambaa. Hapo bibi wa Pwani anaweza kupata asichokitarajia: mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na Afrika Mashariki, na baadhi ya familia zilihamia huko baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, hasa Sultani Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Wanawake hufunika nywele, mikono na miguu.

Kuhusu afya, onaneni na daktari mapema. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Lakini kwa aliyezidi miaka 60 na hajawahi kuchanjwa, sindano hiyo ina hatari zaidi, hivyo daktari ndiye aamue. Dawa zenye kodini au tramadoli hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, hata kama nyumbani hununuliwa kirahisi. Bebeni dawa kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na mwombe kibali mapema pale kinapohitajika. Kampuni nyingi za meli hazipokei mjamzito aliyefikisha wiki 24, wala mtoto wa chini ya miezi sita.

Jaribuni karibu kwanza

Kabla ya kulipa chochote, fanyeni safari ndogo ya majaribio. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, siku moja kwenye michezo ya maji Kunduchi, kisha boti ya kwenda Zanzibar kwa takriban saa mbili. Mtajua nani hutapika baharini, mtoto yupi hupotea kwenye umati, na bibi anatembea umbali gani kabla ya kuomba kiti.

Huenda akarudi akasema imetosha, kwamba Zanzibar ndiyo aliyokuwa akiitaka siku zote. Mkubalieni. Akisema bado anataka kuiona meli kubwa, kesho yake mpelekeni akapige picha ya pasipoti.