Kikosi cha Tatu cha Jeshi Kuu la Napoleon

Kikosi cha Tatu (kwa Kifaransa: IIIe corps de la Grande Armée) kilikuwa sehemu ya jeshi la Ufaransa wakati wa Kaisari Napoleon I. Kuanzia 1805 hadi 1809 kiliongozwa na Marshali Louis Nicolas Davout, mtu mkali wa nidhamu.

Kikosi cha aina hii kilikuwa kama jeshi kamili kwa udogo: kilikuwa na askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga yake chenyewe. Vikosi vilitembea kwa njia tofauti ili kupata chakula kwa urahisi. Kimoja kikikutana na adui, kilitakiwa kustahimili peke yake mpaka vingine vifike.

Mwaka 1805 divisheni ya Friant ilitembea zaidi ya km 100 kwa siku mbili hivi kutoka upande wa Vienna, ikawahi mapigano ya Austerlitz tarehe 2 Desemba.

Auerstedt

Jaribio kubwa zaidi lilikuja tarehe 14 Oktoba 1806. Napoleon alikuwa Jena, akiamini kwamba anapigana na jeshi kuu la Prussia. Kumbe jeshi hilo, lenye watu wapatao 60,000, lilikuwa kaskazini zaidi, mbele ya Davout aliyekuwa na watu 27,000 hivi. Divisheni ya Gudin ilifika kwanza na kushika kijiji cha Hassenhausen. Askari wake walijipanga kwa miraba na kurudisha nyuma wapanda farasi wa Blücher. Friant na Morand walifika baadaye, pande zote mbili za kijiji. Kamanda wa Prussia, Mtawala wa Brunswick, alijeruhiwa vibaya, na amri zikavurugika.

Marshali Bernadotte, ambaye kikosi chake hakikuwa mbali, hakuja kusaidia. Davout alishinda hata hivyo, lakini alipoteza watu zaidi ya 7,000, yaani zaidi ya robo ya kikosi. Napoleon hakuamini habari hiyo mwanzoni. Alidhani Davout, aliyekuwa na macho mabovu, ameona adui mara mbili. Baadaye alikipa kikosi heshima ya kuingia Berlin kwanza.

Urusi na baadaye

Kikosi kilipigana pia Eylau (1807), Eckmühl na Wagram (1809). Mwaka 1812 kiliingia Urusi chini ya Marshali Ney. Huko mpango wa kujitafutia chakula njiani ulishindwa, kwa kuwa nchi ilikuwa na watu wachache na Warusi walichoma akiba zao. Baada ya Borodino na safari ya kurudi katika njaa na baridi, kilichobaki hakikustahili tena kuitwa kikosi.

Kiliundwa upya mwaka 1813, tena chini ya Ney. Mwaka 1815 kiliongozwa na Jenerali Vandamme. Tarehe 18 Juni kilikuwa kinapigana Wavre chini ya Marshali Grouchy, wakati Napoleon anashindwa Waterloo, umbali wa km 15 hivi. Kisha kilirudi Ufaransa kupitia Namur.