Agosti kutoka Kona Baridi hadi Mombasa: panga safari ya watoto, linda pesa zako

Kona Baridi haikupewa jina hilo bure. Ikifika Julai na Agosti, upepo wa Ngong unapiga mpaka watoto wanalala na sweta. Ndiyo maana shule zikifungwa, wimbo nyumbani ni mmoja: "Mama, tunaenda Mombasa lini?"

Mteja wetu mmoja, mama anayeuza viatu soko la Kiserian, alisikia swali hilo mwaka mzima. Aliweka akiba kidogo kidogo kwenye simu, kisha akaona mtandaoni nyumba nzuri ya kukodi Nyali. Mwenye nyumba akamwambia, "Dada, wateja ni wengi. Tuma elfu sita sasa hivi nikushikie." Akatuma. Kesho yake nambari haikupatikana. Alipotupigia, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala, na ilibidi tumwambie ukweli: hatukuweza kuzirudisha. Watoto walimaliza likizo wakiangalia mbuzi wa jirani.

Mwaka uliofuata alienda. Tulimuuliza alibadilisha nini, na mengi ya hapa chini tumeyatoa kwake.

1. Anza na hesabu, si picha za ufuo

Yeye alianza Januari. Kila Jumatatu alihamisha Sh800 kutoka pesa za mauzo hadi kwenye akiba ya simu, kabla hazijazoea kukaa karibu na matumizi. Kufikia mwisho wa Julai, wiki 30, alikuwa na Sh24,000. Akazigawa mara nne:

- Nauli ya treni, kwenda na kurudi: Sh7,500
- Malazi, siku tatu: Sh7,500
- Chakula na matembezi: Sh6,000
- Dharura: Sh3,000

Hiyo ya dharura usiiguse kwa sababu mtoto ameona boya la kuogelea lenye sura ya bata. Mtoto mdogo anaweza kushikwa na homa saa nane usiku, na hapo ndipo utajua kazi yake.

2. Treni: jua umri wa watoto wako

Kwenye Madaraka Express, mtoto wa chini ya miaka 3 hasafiri kwa tiketi ya kulipia, na wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilipanda hadi Sh1,500 mwaka 2024. Kwa hiyo baba, mama, mtoto wa miaka 6 na mwingine wa miaka 2 ni Sh3,750 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Thibitisha nauli kabla hujalipa, maana hubadilika.

Kata tiketi mwenyewe kwa *639# au tovuti ya Kenya Railways. Agosti nafasi huisha haraka, na hapo ndipo wauzaji wa mitaani hujitokeza na "tiketi zilizobaki". Achana nao.

Chagua saa kwa kuwafikiria watoto. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani inakufikisha Mombasa kukiwa bado mchana, lakini kutoka Kona Baridi utaamka usiku wa manane. Ukiwa na ndugu Kitengela, lala huko kisha pandia kituo cha Athi River. Treni ya alasiri inakupa asubuhi yote ya kujiandaa, ila utafika giza limeingia na watoto wamelala begani. Kumbuka pia kwamba kituo cha Mombasa kiko Miritini, si katikati ya mji. Panga usafiri wa kutoka hapo mapema na mkubaliane bei.

3. Malazi: soma jina kabla ya PIN

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kabla ya kutuma:

- Angalia jina linalotokea kwenye simu. Kama mwenye nyumba anajiita Fatuma na simu inakuletea jina la mwanamume, simama hapo hapo.
- Omba akupigie kwa video akitembea ndani ya nyumba.
- Kama una jamaa au rafiki Mombasa, mwombe apite aone.
- Ukiambiwa "lipa sasa au nampa mwingine", mwambie ampe huyo mwingine.

Na ukikosea nambari, tupigie dakika hiyo hiyo. Usisubiri jioni. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea, tuna la kufanya. Zikishatolewa, inakuwa vigumu sana.

4. Mjini: panga kitu kimoja kwa siku

Watoto wadogo hawahitaji ratiba ndefu. Asubuhi nenda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Watoto watapenda mizinga kuliko historia, na ni sawa. Siku nyingine nenda Haller Park, Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya saruji na leo wanakaa twiga na kobe wakubwa. Kivuko cha Likoni ni bure kwa watembea kwa miguu, na kwa mtoto wa Kajiado hiyo ni meli kamili! Jioni malizia Mama Ngina kwa madafu na viazi karai.

Ukilipia huduma ya serikali kupitia eCitizen, Paybill ni moja tu: 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi langoni, kataa. Beba pia noti ndogo ndogo za tuktuk na mabuyu, kwa sababu simu inaweza kuzima wakati mbaya.

Mama wa Kiserian alirudi na Sh1,150 za dharura ambazo hazikutumika. Alituambia jambo moja tu: mtoto wake mdogo alionja maji ya bahari, akakunja uso, akauliza nani ametia chumvi. Jumatatu iliyofuata akaweka Sh800 nyingine.

Wewe Jumatatu yako inaanza lini?