Sauti Ndogo Mbele ya Maikrofoni

Mgeni anayekaribishwa na mpenzi wa vyombo vya sauti hutazamia kuonyeshwa uwezo wa vyombo hivyo kwa muziki wa kishindo: ngoma, tarumbeta, au okestra nzima. Mara nyingi huwa kinyume. Mwenyeji huweka juu ya gramafoni santuri ya mwanamke mmoja anayeimba kwa sauti ya chini, akisindikizwa na gitaa moja na besi moja tu. Miongoni mwa santuri zinazotumiwa hivyo kwa miaka mingi ni Julie Is Her Name, iliyotolewa Marekani mwaka 1955 na kampuni ya Liberty, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka huo huo huko Hollywood.

Mwimbaji ni Julie London, aliyezaliwa California mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000. Gitaa lilipigwa na Barney Kessel, na besi na Ray Leatherwood. Santuri ina nyimbo 13, na ya kwanza, Cry Me a River, ndiyo iliyomletea mwimbaji umaarufu. Arthur Hamilton alikuwa ameutunga wimbo huo ili Ella Fitzgerald auimbe katika filamu ya Pete Kelly's Blues, lakini haukutumika humo. London mwenyewe hakuficha kwamba sauti yake ilikuwa ndogo, isiyoweza kutoka bila kuikaribia maikrofoni. Katika ukumbi usio na umeme asingesikika safu ya tano. Ni jambo la kuuliza, basi, kwa nini sauti ya namna hiyo imekuwa kipimo cha mitambo ya bei kubwa.

Jibu linaanzia katika sikio. Mtu aliyefumba macho hutambua kama msemaji yu karibu au mbali, hata kama hajui anasema kwa nguvu gani. Hulinganisha sauti inayomfikia moja kwa moja kutoka kinywani na ile inayorudishwa na kuta, dari na sakafu. Sauti iliyorudishwa hutapakaa chumbani karibu kwa kiasi kile kile kila mahali, lakini ile ya moja kwa moja hupungua kadiri umbali unavyozidi: umbali ukiwa maradufu, msukumo wa hewa unakuwa nusu. Maikrofoni ikiwekwa sentimita 10 kutoka midomoni, kuta hazina nafasi ya kusema. Msikilizaji hupokea ishara ile ile ambayo sikio lake huipata mtu anapomnong'onezea.

Ukaribu huo una gharama yake. Mwimbaji aliye mita 10 kutoka kwa wasikilizaji akirudi nyuma sentimita 10, hakuna atakayegundua. Aliye sentimita 10 kutoka maikrofoni akirudi kiasi hicho hicho, nguvu ya sauti yake inashuka kwa desibeli 6, mabadiliko ambayo hata mtoto atayasikia. Kuimba kwa utulivu namna hiyo, pumzi zikipimwa na kichwa kikidhibitiwa, ni ufundi kamili, na wanaosema kwamba waimbaji wa maikrofoni hawajui kuimba wanapima ufundi mmoja kwa kanuni za mwingine.

Kuna jambo la pili, lisilojulikana sana nje ya studio. Maikrofoni inayosikia upande mmoja zaidi ya mwingine hufanya kazi kwa kupima tofauti ya msukumo wa hewa kati ya mbele na nyuma ya kiwambo chake. Sauti ikitoka mbali, tofauti hiyo hutokana na wimbi kuchelewa kidogo kufika nyuma. Kwa sauti nyembamba ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 3.4, kuchelewa huko ni kukubwa. Kwa sauti nzito ya mitetemo 100, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 3.4, ni kudogo mno, hivyo waundaji huiongezea maikrofoni usikivu wa sauti nzito ili mizani iwe sawa. Lakini kinywa kikisogea karibu, wimbi hupungua nguvu katika safari fupi tu ya kutoka mbele hadi nyuma ya kiwambo, na upungufu huo huzigusa sauti nzito na nyembamba kwa usawa. Nyongeza ya waundaji sasa inazidi kipimo: sauti nzito zinavimba, na kifua cha mwimbaji kinasikika kipana kuliko kilivyo. Watangazaji wa redio wanaitumia siri hii kila siku.

Uchache wa ala nao unasaidia. Uzi mzito wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde na ule wa gitaa mara 82, wakati pumzi na herufi “s” za mwimbaji ziko juu ya mitetemo 4,000. Hakuna matoazi wala tarumbeta za kuzifunika. Kwa hiyo kasoro yoyote ya chombo hubaki wazi, na hapo wapenzi wa vyombo wana haki kabisa. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde pembezoni, lakini karibu na kitovu kasi hushuka hadi kama 21. Wimbi la “s” la mitetemo 8,000 linabanwa hapo katika urefu wa sehemu 26 za elfu moja za milimita, na sindano mbovu hulikwaruza. Ndiyo maana santuri hii imechapwa upya pia kwa mizunguko 45.

Muziki huu ulitolewa kwa mkondo mmoja wa sauti, si miwili. Spika mbili zikitoa kitu kile kile, ubongo humweka mwimbaji katikati, pasipo na spika yoyote. Msikilizaji akisogea hadi spika moja iwe karibu naye kwa sentimita 34 kuliko ya pili, sauti yake humfikia elfu moja ya sekunde mapema, na mwimbaji anahamia upande huo. Kiti kilichowekwa vibaya huharibu zaidi kuliko waya wa bei nafuu, ingawa wauzaji wa waya hawana haraka ya kulisema hilo.

Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, ni kuongeza sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, walionyesha kwamba sikio ni zito kwa sauti nene zinapokuwa hafifu, na uzito huo hupungua zinapoongezwa nguvu. Mnong'ono ukipigwa kwa kelele, besi hutangulia mbele na mwimbaji anakuwa jitu lenye mdomo wa ukubwa wa mlango. Kipimo kinachofaa ni kiwango cha mtu anayezungumza kwa utulivu umbali wa mita moja, yapata desibeli 60. Hapo vyombo vya gharama kubwa havina cha kujivunia ila kimya kilicho kati ya neno na neno, ambamo huenda msikilizaji akamsikia Kessel akiteleza vidole juu ya nyuzi.